Bundi wa majira ya baridi Uingereza: tafuta nyasi kwanza

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Peterborough, nahudumia wazee kwa zamu za usiku, kwa hiyo kuanzia saa saba mchana niko huru. Nina kamera ya kawaida na lenzi ya 70–300. Tangu Desemba natoka na gari kwenda mashambani kutafuta bundi. Nimemwona mmoja tu, jioni, mweupe. Nikamfuata kwa miguu akapotea, na picha zote zilitoka nyeusi na zenye ukungu. Nakosea wapi? Ninunue lenzi kubwa? Naruhusiwa kuingia mashamba ya watu? Halafu mama yangu yuko Tanga, ameshaniambia nisithubutu kumtumia picha ya bundi.

JIBU: Marahaba, dada. Zamu za usiku zinachosha, lakini zimekupa kitu ambacho wapiga picha wengi wa hapa hawana: mchana wa siku za kazi. Majira ya baridi, bundi wawili unaoweza kuwapiga picha kwa mwanga wa jua huanza kuwinda kati ya saa nane na saa kumi, wakati wenzako wako ofisini. Muda unao, basi. Ulichokosa ni mahali, na mahali pa bundi hapatafutwi kwa kuangaza macho angani. Tazama chini, kwenye nyasi.

Chakula kikuu cha bundi wa mashamba ya Uingereza ni panya mdogo wa nyasini, Microtus agrestis, mwenye mkia mfupi na masikio yaliyozama ndani ya manyoya. Huyu haishi kwenye shamba lililolimwa, wala kwenye malisho yaliyoliwa na kondoo hadi udongo ukaonekana. Anataka nyasi ndefu zilizoachwa mwaka baada ya mwaka zikaanguka, zikalaliana, zikawa godoro la majani makavu. Chini ya godoro hilo ndiko anakopitisha vinjia vyake. Chuchumaa ufunue nyasi kwa mkono: ukiona vinjia vya upana wa vidole viwili, vipande vya majani vilivyokatwa na kurundikwa, na vinyesi vidogo vya rangi ya kijani, umefika. Usipoviona, hata mandhari iwe nzuri namna gani, rudi garini.

Sasa fikiria eneo lako. Ukanda wa Fens, zile nyanda tambarare zilizokaushwa maji mashariki mwa mji wako, umelimwa karibu wote, udongo mweusi hadi ukingoni mwa mtaro. Nadhani ulikuwa unazunguka katikati ya ngano na viazi sukari vya kiwandani, mahali ambapo bundi hupita tu akielekea kwingine. Nyasi ninazozisema zimebaki kwenye matuta ya mito, kingo za mitaro mikubwa na kando za reli, na kwenye hifadhi chache. Karibu nawe kuna Nene Washes, bonde la mafuriko linaloanzia mlangoni mwa Peterborough kuelekea mashariki; upande wa Eldernell, karibu na kijiji cha Coates, unaweza kusimama juu ya tuta na kuona bonde lote. Maji yakipanda, panya husogea kwenye tuta, na bundi huwafuata huko huko. Ukiwa na siku nzima, nenda Burwell Fen, kaskazini mashariki mwa Cambridge. Hapo palikuwa shamba. Shirika la National Trust, ambalo lilianzisha hifadhi yake ya kwanza hapo jirani Wicken Fen mwaka 1899, lilipachukua na kupaacha pawe nyasi, pakilishwa ng'ombe wa Highland na farasi wadogo wa Konik. Wanyama hao hula kwa mafungu, hapa wamemaliza, pale hawajagusa, na hayo mafungu yaliyoachwa ndiyo nyumba za panya.

Uingereza ina bundi watano wanaozaliana, ila wewe shughulika na wawili. Wa kwanza ni huyo mweupe uliyemwona, Tyto alba, uso wa umbo la moyo, macho meusi. Ni jamaa wa karibu kabisa wa yule anayelala kwenye dari za makanisa na shule huko kwetu. Ana gramu mia tatu na kitu tu, ingawa ukimwona akiruka utadhani ni ndege mzito. Wa pili ni bundi wa masikio mafupi, Asio flammeus: hudhurungi mwenye madoa, mabawa marefu yanayokaribia mita moja kutoka ncha hadi ncha, macho ya njano yaliyozungukwa na weusi kama aliyepakwa wanja. Wengi unaowaona hapa majira ya baridi ni wageni waliovuka bahari kutoka nchi za Skandinavia na kwingine kaskazini. Hufika kuanzia Oktoba, na kufikia Aprili huwa wameondoka. Idadi yao hupanda na kushuka kulingana na panya, ambao huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka mitatu minne, kwa hiyo usishangae mwaka mmoja mahali pawe na bundi kumi na mwaka unaofuata pasiwe na hata mmoja. Hajakimbizwa na mtu, chakula kimeisha. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania zina ndugu yake, Asio capensis, anayewinda kwenye nyasi za mabondeni kwa mtindo ule ule, isipokuwa macho yake ni meusi.

Bundi wa masikio marefu mwachie. Mchana hulala ndani ya michongoma minene, wakati mwingine kadhaa kwenye kichaka kimoja, akijinyoosha na kujikondesha afanane na tawi. Ukisogea ili upate nafasi kati ya matawi, ataruka, na akishatoka mchana kunguru na mwewe watamwandama. Nimeona watu wazima wenye lenzi za bei ya gari wakikata vitawi ili picha isiwe na kizuizi. Sina la heshima la kusema juu yao.

Nikueleze kuhusu hali ya hewa, kwa sababu hapa ndipo mchana mwingi wa watu hupotea bure. Bundi huwinda kwa sikio kuliko jicho. Mwanabayolojia Roger Payne, yule ambaye baadaye alipata umaarufu kwa nyimbo za nyangumi, aliwafungia bundi weupe kwenye chumba cha giza totoro na kuonyesha kwamba wanamkamata panya kwa kusikia mchakacho wake tu. Matundu ya masikio ya bundi huyu hayako sawa, moja liko juu kuliko jingine, kwa hiyo sauti inayotoka chini au juu hufika kila sikio kwa nguvu tofauti, na hivyo hujua panya yuko wapi bila kumwona. Sasa weka upepo mkali kwenye hesabu hiyo. Nyasi zote zinavuma, panya hasikiki, bundi hatoki, au anatoka na kurudi mtupu. Mvua ni mbaya zaidi: manyoya yake laini, yaliyoumbwa yasipige kelele angani, hayazuii maji vizuri, na akilowa hushindwa kuwinda.

Ndiyo maana siku ya kwenda ni siku ya kwanza kavu na tulivu baada ya mvua au upepo wa siku mbili tatu. Bundi aliyelala njaa hawezi kusubiri giza. Bundi mweupe atakuwa nje saa nane mchana, pengine hata asubuhi, na atawinda juani akizunguka tuta lile lile mara tano sita. Baada ya wiki nzima ya hali nzuri, bundi huyo huyo ameshiba na atakusubirisha hadi jua lizame. Angalia utabiri wa upepo kabla ya utabiri wa mawingu. Upepo ukizidi kilomita ishirini na tano kwa saa, mimi hubaki nyumbani.

Njaa hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niwe mkali kuhusu kumfuata. Dada, ulipomfuata kwa miguu ulimfukuza kwenye mstari wake wa kuwinda. Hii ndiyo sababu alipotea, na ndiyo sababu picha zilitoka za mgongo. Majira ya baridi usiku ni mrefu, panya ni wachache kuliko wakati wa kiangazi, na bundi mweupe hana akiba kubwa ya mafuta mwilini. Kila anapoacha mawindo kwa sababu yako, anapoteza nguvu na muda. Kaa chini. Hilo peke yake litaboresha picha zako kuliko kifaa chochote.

Namna ya kukaa ni hii. Siku ya kwanza mahali papya, acha kamera kwenye mkoba na utumie darubini. Tazama anatokea wapi, anafuata mtaro gani, anageukia nguzo gani, anapumzika wapi. Bundi wana njia zao, na njia hiyo hurudiwa. Chunguza na chini ya nguzo za ua: ukikuta michirizi myeupe ya kinyesi na vidonge vyeusi vinavyong'aa kama vimepakwa lakiri, hapo bundi mweupe hukaa na kutapika manyoya na mifupa ya alichokula. Vunja kidonge kimoja uone mafuvu ya panya ndani, matatu au manne kwa kawaida. Cha bundi wa masikio mafupi huwa cha kijivu.

Kisha chagua pa kukaa kwa kutumia upepo na jua pamoja. Bundi anayewinda hupenda kuruka akielekea upepo unakotoka, kwa sababu upepo wa usoni humwezesha kwenda polepole bila kuanguka. Uingereza upepo wa kawaida hutoka kusini magharibi. Jua la alasiri ya Januari nalo liko kusini magharibi. Kwa hiyo ukijibanza kwenye mwisho wa kusini magharibi wa ukanda wa nyasi, mgongo wako ukiwa kwenye jua, bundi atakuwa anakuja kwako, polepole, mwanga ukimwangaza usoni. Ulichopiga siku ile, ukimfuata kwa nyuma, kilikuwa kinyume cha haya yote. Upepo ukigeuka wa mashariki mambo hubadilika: atakuwa anakwenda kinyume na jua, na itabidi ukae pembeni umpige akipita ubavuni.

Jibanze kwenye michongoma au kaa chini kando ya mtaro ili kichwa chako kisikate upeo wa macho. Nguo za rangi ya udongo zatosha. Yale magwanda ya madoadoa si lazima, na koti linalochakacha ni baya kuliko koti jekundu. Kama kamera yako ina shata ya kimya, iwashe. Bundi akigeuza uso kukutazama mara mbili mfululizo, ameshakusikia, na hapo kaa tuli hadi arudi kwenye shughuli zake. Gari pia ni kibanda kizuri. Zima injini na upigie dirishani, lakini kamwe usisimame kando ya barabara kuu: nyasi za kando ya barabara zina panya wengi, bundi weupe wengi hugongwa hapo, na wewe pia utagongwa.

Kuhusu weusi na ukungu. Peterborough, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hupanda nyuzi kumi na nne tu juu ya upeo, na huzama saa kumi kasoro dakika kumi hivi. Uzuri wake ni kwamba mwanga wa dhahabu, ambao kwetu huupata kwa nusu saa asubuhi na jioni, hapa unao mchana kutwa kukiwa hakuna wingu. Ubaya ni kwamba mwanga huo ni mchache, na kamera ikiachiwa ijiamulie itapunguza kasi ya shata, kile kimlango kinachofunguka kupitisha mwanga, hadi mabawa yafifie. Chukua usukani wewe. Weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde kwa bundi mweupe, 1/1600 kwa wa masikio mafupi anayegeuka ghafla. Fungua tundu la lenzi hadi mwisho. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera ijipangie, ukiipa kikomo cha 6400. Usiogope chengachenga; programu za siku hizi huziondoa vizuri, ila hakuna programu itakayonyoosha bawa lililofifia. Jua likishazama na kasi imeshuka chini ya 1/500, funga kamera utazame kwa macho.

Fokasi iwe ya kufuatilia kitu kinachosogea, na kama kamera yako inatambua macho ya ndege, itumie. Akiwa chini kwenye nyasi, fokasi itashika majani yaliyo mbele yake, subiri ainuke. Halafu kuna fidia ya mwanga, yaani kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga iliojichagulia, ambayo wengi huisahau. Bundi mweupe akipita mbele ya michongoma myeusi, kamera itaona weusi mwingi na kuongeza mwanga, uso wake utaungua uwe karatasi tupu: punguza kwa theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja kamili. Bundi wa hudhurungi akipita mbele ya anga la mawingu ni kinyume, ongeza moja. Asubuhi ya jalidi, nyasi zote zikiwa nyeupe, ongeza pia. Hifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ili uwe na pa kurekebisha.

Usinunue lenzi kubwa mwaka huu. Lenzi ya milimita 600 humpa mtu ujasiri wa kukaa mbali, hilo nalikubali, lakini ni nzito na mtu asiyejua njia ya bundi hupata nayo picha za nukta iliyo kubwa kidogo. Kwa 300, ukikaa mahali sahihi, bundi atapita mita kumi na tano kutoka kwako bila kujua upo. Fedha ulizopanga nunua darubini nzuri, buti zisizoingiza maji na glavu za vidole vinavyofunguka. Ukibaki na chenji, nunua kitu cha kukalia. Baridi ya ardhi hupanda mwilini kabla hujaihisi.

Mashamba ya watu: huruhusiwi kuingia kokote tu, lakini unaruhusiwa pengi kuliko unavyodhani. Njia za umma za miguu zimewekewa alama za mishale ya njano, na zile zinazoruhusu farasi na baiskeli mishale ya bluu. Ramani za Ordnance Survey za kipimo cha 1:25,000 huzionyesha kwa vistari vya kijani. Ukiwa kwenye njia hiyo hakuna anayeweza kukuondoa kwa kuwa umesimama kutazama ndege. Ukitoka nje ya njia, mkulima ana haki ya kukuomba utoke, nawe utoke.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawaelezwi. Majira ya baridi Fens hukumbwa na majangili wanaoswaga mbwa kukimbiza sungura wa porini, mchezo wa kamari uliokatazwa kisheria, na mwaka 2022 adhabu zake ziliongezwa. Wakulima wamechoka nao, na wakiona gari geni limeegeshwa kwenye geti la shamba alasiri hupiga simu polisi. Watu wenye sura kama zetu hutazamwa mara mbili, tusidanganyane. Egesha kwenye maegesho ya hifadhi au kijijini, usizibe geti, darubini ining'inie shingoni ionekane, na ukikutana na mkulima msalimie wewe kwanza umwambie unatafuta bundi. Wengi wana bundi ghalani mwao na wanajivuna naye. Mmoja aliniambia mwenyewe saa anayotoka, nami nikaacha kuzunguka.

Akikukaribisha ghalani, kuna mipaka. Bundi mweupe amewekwa kwenye orodha ya ndege wanaolindwa zaidi na Wildlife and Countryside Act ya 1981: ni kosa kumsumbua makusudi au kwa uzembe akiwa kwenye kiota au karibu nacho. Usifungue sanduku lake la kiota, hata likionekana tupu. Usitumie mwanga wa flashi gizani, usicheze mlio wake kwenye simu, na usimtegee panya wa kununua dukani ili aje. Picha za bundi anayemrukia panya mweupe kwenye theluji unazoziona mitandaoni, nyingi hupatikana hivyo. Na unapoweka zako, ondoa alama ya mahali kwenye faili. Taja kaunti, basi. Nyasi za hekta chache haziwezi kubeba watu arobaini Jumamosi moja.

Sasa mama. Usibishane naye. Waingereza wenyewe waliwahi kumpigilia bundi mweupe msumari kwenye mlango wa ghala ili kufukuza radi na mabaya, na wakati huo huo wakulima wengine walijenga maghala yenye tundu maalumu juu ya ukuta ili bundi aingie kula panya. Hofu na faida zimekaa nyumba moja muda mrefu. Mtumie picha ya farasi wa Konik kwenye jalidi. Ya bundi mwekee hadi utakapokwenda nyumbani, umwonyeshe mkiwa mmekaa pamoja, akitaka.

Una kama wiki sita nzuri mbele yako. Katikati ya Februari jua linazama saa kumi na moja na robo, kwa hiyo saa za kuwinda za bundi na mwanga wako vitakutana kwa muda mrefu zaidi kuliko Desemba. Katikati ya Machi bundi wa masikio mafupi huanza kuondoka. Pale Nene Washes uangalie pia kozi mdogo mwenye mgongo wa rangi ya kutu, yule anayeelea sehemu moja akipiga mabawa: humvizia bundi wa masikio mafupi aliyekamata panya na kumpokonya angani, wote wawili wakizunguka na kucha zimenasana. Ukiona bundi ameinuka na kitu mguuni, usishushe kamera, kwa maana kozi hachelewi. Na ukitoka zamu ukiwa huoni vizuri kwa usingizi, lala. Barabara za Fens zimepakana na mitaro yenye kina, hazina kingo, na giza huingia mapema.